Mstari wa Nne

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi kwa jina la mama yako: lifunge. Kama umekwisha kusoma, meza kila neno, usimwambie hata mkeo. Mimi si mtu wa siasa. Ni karani tu, shule ya wauguzi, hospitali ya misheni huku Muthangari. Jambo nisipoliandika linanizunguka kichwani hadi kichwa kinauma.

Leo kazi tele. Zimekuja chupa mpya za insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari. Nguvu yake ni mara mbili ya zile za zamani. Kwa hiyo alama za kuvuta kwenye bomba la sindano sasa ni nusu. Sista anayefundisha akataka jedwali jipya, nakala thelathini, upesi.

Nikachapa stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala—ikapasuka! Kucha yangu. Kuomba nyingine sikuthubutu. Juma lililopita Bwana Mohdhar, karani mkuu, aliniambia stensili si karatasi ya kufungia njugu. Basi nikaangua ile ya jedwali la zamani msumarini, nikapaka rangi nyekundu ya kufutia, nikachapa tarakimu mpya juu yake. Sista yuko mlangoni anatazama saa. Nimemaliza. Nadhani ni sawa.

Jumanne, 4 Septemba

Naliaka, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alipita dirishani na karatasi yake. “Karani, mbona karatasi zako zinanuka rangi ya kucha? Unampaka nani huko kwako Ngara?” Wenzake wakacheka mpaka mwisho wa baraza. Masikio yaliniwaka.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama mstari wa nne ni sawa. Mitatu ya juu imepungua, huu haukupungua. Sikuinua macho. Nilimwambia nimenakili alivyoandika Sista. Haya, akasema, basi Sista anajua.

Anapenda kuuliza, yule. Lakini kwa kukariri hana mfano. Sista huwaambia kila siku: dozi haikisiwi, dozi inasomwa.

Alhamisi, 6 Septemba

Ee Mungu.

Wodi ya wanawake, kitanda cha sita, Mama Wahu wa Mutuini. Mnene, mcheshi, hunisalimu “mwana wa kalamu” kila nikipita na barua. Ana kisukari. Dozi yake ni yuniti kumi na sita, na kwa chupa mpya hizo ni alama nane. Leo ndipo chupa mpya zilipoanza kutumika, na Naliaka alimchoma sindano saa moja. Uji ukachelewa. Saa mbili u nusu akawa anatoka jasho hadi shuka ikalowa, anatetemeka, anaita watoto wake waliokufa. Kisha degedege. Daktari alikuja mbio na sukari ya kutia kwenye mshipa.

Nilisikia kelele kutoka ofisini. Nikatoa nakala yangu sandukuni. Mstari wa nne: yuniti 16, alama 16. Ya zamani! Rangi haikufika pale. Amechomwa mara mbili ya dozi yake.

Nifanye nini? Akija mgonjwa mwingine wa dozi ile jioni, naye watamchoma hivyo. Nilichapa stensili mpya, safari hii bila kuomba ruhusa, nikapita darasani na wodini. Nikasema tu wino wa kwanza umefifia, Sista anataka nakala safi. Wakanipa. Naliaka naye akanipa ya kwake, macho mekundu, hata hakuitazama. Nikampa iliyo sahihi.

Wagonjwa wamesalimika. Nilijiambia hivyo mara kumi. Sasa ndiyo naona nilichokifanya. Nimemnyang’anya ushahidi wake kwa mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Septemba

Kikao. Nilikaa pembeni kuandika yaliyosemwa.

Sista: umevuta alama ngapi? Naliaka: kumi na sita, kama karatasi inavyosema. Sista: nionyeshe. Akaitoa mfukoni. Nane. Akaigeuza nyuma. Akaigeuza tena mbele. Akasema jana haikuwa hivi, na alimwuliza karani.

“Karani ni muuguzi?” Sista akamkata. “Mbona hukuniuliza mimi?”

Wenzake wakaulizwa. Wakasema hawakumbuki. Kweli hawakumbuki: ni Mama Wahu peke yake mwenye dozi ile. Sista akasema kosa linasamehewa, uongo hausamehewi.

Naliaka akanitazama. Hakuna mwingine aliyenitazama. Hakuna aliyeniuliza. Kalamu yangu ikaandika: Mwanafunzi hana la kujitetea. Mwandiko mzuri kabisa.

Mchana nilimweleza Bwana Mohdhar yote. Alifunga mlango. “Sikiza, mwanangu. Nani atakuajiri? Chumba chako Ngara watakutoa siku hiyo hiyo. Yule binti ataolewa, atasahau. Lete hizo karatasi.” Akazitia jikoni zinakochemshwa sindano. Ananipenda, ndiye aliyenipatia kazi. Nilisimama nikazitazama zikiungua.

Moja imebaki. Iko humu, kati ya kurasa hizi.

Jumamosi, 8 Septemba

Mama Wahu amefumbua macho. Binti yake Njambi alikuja kwa miguu toka Mutuini, pasi ya kutembea mkononi, maana ni Hali ya Hatari, arudi kabla ya saa kumi. Mama anamwita “sista”. Anamwomba maji kama mgeni. Njambi aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa na tai: “Bwana, atanijua tena?” Nikasema daktari anajua. Kila kitu, mtu mwingine anajua!

Saa nne nilibisha kwa Sista. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. “Sista, lile jedwali—” Hakuinua kichwa. Si sasa, Isaiah. Chapa hii.

Barua kwa baba yake Naliaka, Kakamega. Binti yako ameachishwa mafunzo kwa uzembe na uongo. Nakala tatu. Nilichapa. Sikukosea hata herufi moja! Sista akatia sahihi, akasema Naliaka aipeleke mwenyewe, treni ya Jumatatu jioni. Mpaka siku hiyo yuko bwenini, haruhusiwi wodini.

Saa sita kasoro sasa. Bwana Mohdhar ameenda msikitini. Bahasha iko mbele yangu, haijagundishwa; naiacha wazi aone kilichomo leo. Ile karatasi ya zamani nimeikunja ndani, mstari wa nne nimeuzungushia wino. Bado naweza kuitoa. Naisikia ndala ya Naliaka barazani, anakuja kuchukua barua.

Nyuma ya karatasi nimeandika hivi, nanakili hapa nisije nikakana baadaye:

Naliaka, ulisoma sawasawa. Kosa ni langu. Mwonyeshe Sista hii. Akikataa kukuamini, nitafute kesho mchana. Shuka Ngara, fuata ukuta wa duka la vitambaa lenye mlango wa kijani, ingia uani. Vyumba vya nyuma, cha tatu, chenye baiskeli isiyo na kengele. Uliza Isaiah karani. Wakisema nimetoka, usiwaamini. Bisha. Nisipofungua, bisha tena. Nitakuwa ndani.