Mama Alisema Usiambiwe

Wodi ya Watoto,
Kitanda cha dirishani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Usishtuke na anwani hapo juu, nitakueleza. Kwanza salamu, maana Mama hakutulea tuingie kwa mtu bila hodi. Hujambo? Tumbo halijambo? Miguu bado inavimba kwa kusimama dukani kutwa, au mwenye duka amekuonea huruma akakupa kiti? Shemeji naye hajambo? Mimi nipo tu. Nikisema sijambo nitakuwa nakudanganya, na umeshadanganywa vya kutosha.

Mwanetu Bosi anaumwa. Amezaliwa na tundu kwenye moyo, na mshipa unaopeleka damu mapafuni ni mwembamba kuliko inavyotakiwa. Akinyonya anatoka jasho kama mbeba mizigo, anaachia titi, anapumzika, anaanza upya. Akilia, midomo inageuka buluu. Zile picha ulizotumiwa, ukacheka kwamba ni mvivu kama baba yake, hakuwa mvivu. Alikuwa amechoka.

Hukuambiwa kwa sababu Mama alitukataza sote. Mjamzito hapelekewi habari mbaya, alisema, na nani wa kubishana na Mama? Simu nimeikwepa makusudi. Ukisikia sauti yangu utalia, na sina tena nguvu ya kubembeleza watu wawili.

Sasa sikiliza. Juzi daktari wa moyo, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alituuliza kama kwenye familia yetu kuna mwingine mwenye mimba. Kabla sijafungua mdomo, Mama akajibu, "Hakuna."

Nikasema, "Yupo. Mdogo wangu, mwezi wa tano."

"Mwache mwenzio azae kwa amani," Mama akaninong'oneza, huku amenifinya paja.

"Akapimwe, bibi. Hiyo ndiyo amani yenyewe," daktari akasema bila kuinua macho.

Akatueleza kwamba mara nyingi hakuna kitu, lakini kuna kipimo cha picha kinachoangalia moyo wa mtoto akiwa bado tumboni, na kwa miezi yako huu ndio wakati wake. Wakigundua mapema, unajifungulia penye watu wa kumpokea. Sisi tuligundua Bosi alipogeuka rangi mikononi mwangu. Nikadhani ni baridi, nikawa namwongezea blanketi.

Nenda kliniki wiki hii. Usimwambie nesi "naendelea vizuri" kwa kuwa foleni ni ndefu na unaona haya. Mwambie mtoto wa dada yako ana tatizo la moyo, unataka na wako aangaliwe. Akikupuuza, rudia. Domo tunajua unalo, siku hiyo ndiyo ya kulitumia.

Na wewe mwenyewe, Chiriku. Mimba ya Bosi kila mtu aliuliza tumbo linaendeleaje, hakuna aliyemuuliza mwenye tumbo. Nilikuwa nalia juu ya cherehani, sare za watoto wa watu zinalowa, nikiulizwa nasema ni vumbi la kitambaa. Leo jirani yangu muuza mkaa ananiambia machozi yale ndiyo yaliyomtoboa mtoto moyo. Nikamuuliza daktari. Akasema si machozi, si kazi, si kitu nilichokula. Moyo ulijijenga hivyo mapema mno, pengine hata sijajua kama nina mimba. Nimemsikia daktari. Ila taa zikizimwa, ninayemsikia ni muuza mkaa.

Kwa hiyo ukizidiwa, sema. Usiseme kwa ajili ya mtoto tu. Sema kwa ajili yako.

Upasuaji ni lazima, lakini wanataka aongeze uzito kwanza, na haongezi. Kila asubuhi anawekwa kwenye mizani, nesi anatazama, kisha ananiambia, "Tutaona kesho, mama." Baba Bosi, unavyomjua kwa mizaha, sasa akitoka kuchomelea vyuma anakuja kukaa hapa na harufu ya moto kwenye nguo, anahesabu pumzi za mwanawe. Matumaini yameniishia, mdogo wangu, nisikufiche. Watu wananiambia jikaze. Nimejikaza mpaka hapana pa kukaza.

Mama usimkaripie. Anaficha kwa mapenzi, ndivyo naye alivyofichwa. Msalimie sana shemeji, mwambie akusindikize kliniki, asikuachie foleni peke yako. Kaka dereva anakusalimu, Baba Bosi pia. Mungu akulinde wewe na huyo unayembeba, na akushushe salama.

Majibu yakitoka, niandikie. Na wakikuambia moyo wa mwanao ni mzima, usininyamazie kwa kunionea huruma. Niambie, tena kwa makelele yako yote. Nitalia, ndiyo. Lakini nataka kwetu awepo mtoto mmoja ambaye nikimbeba, sitamtegea sikio nijue kama bado anapumua.

Ndimi dada yako, nikupendaye hata nikikufokea,
Mama Bosi