Hasi Mara Hasi, na Mjomba Juu ya Lifti

Mwenzangu, nusura nimuue mjomba. Sitanii. Nakuandikia kwa simu, bado niko kazini.

Si unajua tunatengeneza lifti? Ilikuwa inakwenda kinyume, ukibonyeza chini inapanda. Mimi nipo chumba cha mota, nikaingiza alama ya hasi kwenye mtambo ili igeuke. Kumbe naye mjomba alishageuza nyaya za mota! Hakuniambia. Nami sikumwambia.

Hasi mara hasi! Tuliyoiimba darasani mimi na wewe hadi mwalimu akatuchoka!

Basi akasimama juu ya paa la lifti. Nikabonyeza chini. Ikapanda. IKAPANDA, na dari ya zege inamjia. "Simamisha! Simamisha!" Nikasimamisha. Kofia yake imegusa zege. Imegusa!

Ameshuka, wala hajafoka. Kaniuliza tu, "Hasi mara hasi?" Nikasema, "Chanya, mjomba."

Usimwambie mama, tafadhali.

Sasa anataka turudie: yeye abonyeze, mimi nisimame juu. Nimeshapanda. Ile hasi yangu nimeifuta.

Ee Mungu wangu. Kama naye amerudisha nyaya zilivyokuwa, tumerudi palepale, chini ni juu.

Namwita, hasikii. Mota imeanza kunguruma.