Kovu la Baba Nililolifuta

Ijumaa, mwishoni mwa Juni. Mbinga.

Baridi ya leo haina adabu. Tangu asubuhi ukungu umeukalia mji, na vidole vyangu ni vizito hata kubonyeza herufi ni kazi. Nimebaki peke yangu kwenye chumba cha kompyuta cha chuo. Wenzangu wametoka saa tisa, mwalimu kaniachia ufunguo. Saa hizi ni kumi na nusu, na Mama ameshaondoka kurudi kijijini kwetu Tingi.

Keshokutwa ni arobaini ya Baba.

Nilisema sitaandika habari hii humu. Blogu hii niliianzisha kuonyesha kazi zangu: mabango ya maduka ya simu, kadi za harusi, ile nembo ya fulana za wanunuzi wa kahawa niliyojisifia wiki mbili mfululizo. Wanaonisoma ni wanachuo wenzangu wachache na binamu yangu aliyeko Songea. Lakini leo nimeshindwa kubeba, kwa hiyo naandika tu, atakayesoma asome.

Nianze na ile kadi.

Baba alikuwa mwanachama wa chama cha ushirika, enzi zile kahawa yote ya kwetu ilipopitia mlango mmoja. Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao mpaka uani kwa watu, na ushirika ukazimika taratibu. Wenzake walitupa kadi zao. Yeye aliihifadhi yake ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, maana alikuwa na hakika kwamba iko siku ushirika utarudi na wataulizia nani ni mwanachama na nani si mwanachama. Tulimtania sana kwa hilo. Kwenye kadi kulikuwa na picha yake, ndogo, nyeusi na nyeupe, muhuri umempitia begani.

Ndiyo picha pekee ya maana aliyowahi kupiga. Harusi ya kaka yangu Ladislaus ina picha chungu nzima, na Baba yumo katika moja tu, ameinama anabeba benchi. Kitambulisho chake cha kupigia kura alikitembeza kwenye mfuko wa shati mpaka jasho likaula uso wote.

Mwezi wa tatu mwalimu alitupa zoezi la kurekebisha picha ya zamani. Nikaenda nyumbani kumwomba Baba kadi. Alinipa kwa mikono miwili. "Uirudishe kama ilivyo, Skola," alisema.

Sikuirudisha kama ilivyo. Kadi ilikuwa imejikunja, haikulala vizuri kwenye skana, nikaibandua picha kwa wembe. Ikachanika kidogo pembeni. Nikaiskani, nikaiacha mezani pamoja na vipande vya karatasi, na wa zamu ya usafi akafagia vyote. Nilipoambiwa nilicheka. Nikasema, si iko kwenye kompyuta?

Kisha nikaanza kazi. Nikaondoa muhuri. Nikaja kwenye kovu. Baba alikuwa na kovu kutoka kwenye nyusi mpaka shavuni. Mpini wa mashine ya kumenyea kahawa ulimrudi usoni kabla sijazaliwa, na jicho la upande huo likabaki limefumba nusu maisha yake yote. Nikalifuta kovu. Nikanakili lile jicho zima, nikaligeuza, nikalipachika mahali pa lile bovu. Nikalainisha ngozi. Nikamvika koti na tai nilivyovitoa kwenye picha ya mtu mwingine kabisa. Na kila hatua nilihifadhi juu ya faili lile lile, maana nafasi kwenye kompyuta zetu ni ya kugombania.

Nilipata alama za juu kuliko wote. Picha ikabandikwa ukutani, karibu na mlango.

Nilimpelekea Baba nakala. Aliishika mbali kidogo na macho, akaitazama. "Huyu bwana duka lake liko wapi?" aliuliza, tukacheka wote. Kisha akaichukua kadi yake, ambayo sasa ilikuwa na doa la gundi mahali pa picha, akairudisha kwenye kitabu cha nyimbo.

Mwezi wa tano akafa. Kifua, siku nne tu.

Siku hizi kwetu hakuna msiba bila picha. Mjukuu mkubwa anaibeba mbele ya jeneza, na baada ya mazishi inakaa mezani sebuleni mpaka arobaini, ili waliochelewa kuzika waje wamwone marehemu pale. Kila mtu alinigeukia mimi, fundi wa familia. Nikaichapa ile ile, kubwa, nikaitia kwenye fremu. Nilijua. Nilijua tangu nilipoishika, lakini nyingine haikuwepo.

Tuliporudi kutoka makaburini, Mama aliichukua akailaza kifudifudi juu ya meza. Watu wakadhani ni uchungu. Shangazi akaisimamisha. Mama akailaza tena. Baadaye aliniita jikoni, akaniambia bila kunitazama, "Huyu mliyembeba simjui."

Tangu siku hiyo, kila kipindi kikiisha nimekuwa nikibaki hapa kujaribu kumrudisha. Kovu nilianza kulichora upya mwenyewe, nikijua ni jambo la saa moja. Ndipo nikagundua kitu ambacho naona aibu hata kukiandika.

Sikumbuki lilikuwa upande gani.

Miaka kumi na tisa nimeishi na yule mtu. Nikimfikiria namwona kabisa, anashuka kwenye ngoro, yale mashimo ya shamba letu la mlimani, na jembe begani, anamfokea mbuzi, anakohoa kabla ya kuanzisha wimbo. Nikitaka kumsimamisha nimtazame usoni, kovu linahama. Nilimpigia Ladislaus, akasema kushoto. Shangazi akasema kulia na akaapa. Nikampigia tena Ladislaus kumuuliza, kushoto kwake Baba au kushoto kwako wewe unayemtazama? "Hapo umeniweza, Skola," alisema.

Leo saa nne asubuhi, tukiwa darasani, mlango ukagongwa. Alikuwa Mama, na kikapu, na sweta la Baba juu ya khanga zake. Sikuwa nimethubutu kumuuliza yeye; nadhani Ladislaus alimwambia. Darasa zima likaitikia kwa pamoja, "Shikamoo Mama!"

"Marahaba, wanangu. Nimekuja kumsaidia Skola kazi yake."

Mwalimu alimwachia kiti chake. Kabla ya kukaa, Mama alisimama mbele ya ile picha ya ukutani, akaiangalia. Mama ni mtu wa Lipingo, kule ziwani, aliolewa huku milimani akiwa binti, na hajawahi kukaa mbele ya kompyuta. Nilipofungua faili, uso ukajaa kioo, alirudi nyuma kidogo. Halafu akavuta kiti mbele. Tangu hapo aliongea nami Kimpoto chetu, mimi hapa naandika kwa Kiswahili.

"Kwanza mvue hiyo tai. Tai ya kazi gani? Yeye alifunga shati mpaka kifungo cha juu, basi."

Nikamvua tai, nikamvua na koti. Nikamuuliza kuhusu kovu, lilikuwa kulia au kushoto. Alifumba macho, akanyoosha mkono wake wa kulia hewani, kwenye usawa wa uso wa mtu mrefu kuliko yeye, akaushusha polepole. Kidole gumba kikasimama.

"Hapa," alisema.

Lilikuwa shavu la kushoto la Baba. Nilitazama mkono wake ukiwa pale juu, haushiki kitu.

Tulikwenda hivyo karibu saa nne nzima. Lifupishe, liliishia juu ya mfupa. Jicho lishushe. Zaidi. Hapana, hapo amelala. Alicheka mara moja tu, pale nilipokosea nikamfanya Baba anakonyeza. Wenzangu walijifanya wako kwenye kazi zao, lakini hakuna kipanya kilichokuwa kikilia isipokuwa changu. Ilipokaribia saa nane alinishika mkono.

"Acha hapo. Siye, lakini amefanana. Ukiendelea utampoteza tena."

Wakati mashine inachapa, nilimwambia. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia kwamba zoezi lilitaka tuondoe mikwaruzo na madoa ya karatasi tu, hakuna aliyetuambia tuguse sura za watu. Kovu nililifuta mimi kwa sababu zangu. Siku Baba aliponileta hapa chuoni mwaka jana, akiwa amebeba begi langu kichwani, wasichana wawili pale getini walilicheka jicho lake. Mmoja akafumba la kwake nusu, kumwigiza. Na mimi nilisogea pembeni. Nilimwacha aongee na mlinzi peke yake, kama mtu niliyemkodi anibebee mzigo.

"Nilimwonea haya, Mama."

"Alijua," alisema.

Hakusema kwa hasira. Aliipokea picha ikiwa bado na joto la mashine, akaishika kwa pembe. Akaniambia kwamba siku ile niliyopeleka nakala, nilipokwisha kuondoka, Baba alimuuliza kama na yeye angependa mume mwenye uso ule. Mama akamwambia hapana. Baba akasema basi, tumwache mtoto, bado anajifunza.

Nimelia mbele ya darasa zima. Wale wasichana wawili walikuwepo.

Mama hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akaizungushia picha khanga, akaiweka kwenye kikapu. Tulipofika mlangoni akasimama, akaniambia nikachukue kamera ya chuo.

"Nipige na mimi. Sasa hivi, hivi hivi nilivyo. Na usiniguse."

Nilimpiga karibu na dirisha. Hakutabasamu. Nilitaka kupiga ya pili kwa usalama, akakataa, akasema moja inatosha kwa mtu mmoja. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari na nikarudi hapa.

Ile ya ukutani nimeibandua. Sikujua niifanye nini, nimeiweka kwenye droo ya mwalimu. Kukiri kwangu kwa mwisho leo ni huku: nikifumba macho nimkumbuke Baba, anayekuja ni yule mwenye tai. Nimemtazama yule kwenye kioo saa nyingi kuliko nilivyowahi kumtazama baba yangu usoni. Sijui kama atatoka. Labda keshokutwa, nikikaa na ile mpya wakati wa misa, nikaitazama sana.

Sasa Mama yuko mbele yangu, amejaa kioo. Nimemhifadhi mara tatu, mahali patatu. Macho mekundu, midomo imepasuka kwa baridi, kitambaa cha kichwani kimekaa upande na sikio moja liko nje. Kukinyoosha ni kazi ya dakika mbili. Mkono wangu umekwishafika kwenye kipanya mara mbili bila mimi kuutuma, na mara zote mbili nimeuondoa. Naichapisha habari hii, halafu nazima kompyuta kabla haujaenda mara ya tatu.