Adventina amzika Bibi Hidaya akiwa hai

Raissa, acha kupika usome! Adventina wetu leo kazika mtu aliye hai!

Ilikuwa siku yake ya kwanza kuwatembeza wageni kwa miguu mitaa ya zamani ya Gitega. Unajua tangu turudi Burundi kutoka Tanzania hajapata kazi nyingine, kwa hiyo historia yote aliikariri wiki nzima.

Wakafika mbele ya nyumba kuukuu ya matofali. Akatangaza kama mtu wa redio: "Hapa aliishi marehemu Hidaya, fundi cherehani wa kwanza wa kike mtaani."

Marehemu!!

Dirisha likafunguka, bibi akatoa kichwa. "Nimekufa lini, we mutoto? Mbona hawakuniambia?"

Raissa, marehemu mwenyewe! Adventina akaona kazi imeota mbawa. Akapiga goti palepale: "Nisamehe, bibi."

Wageni walicheka mpaka machozi. Bibi akawaingiza ndani, akawaonyesha cherehani yake, akawasimulia habari za mtaa wote saa nzima. Adventina anaandika tu.

Wakati wa kuagana bibi akamshika mkono: "Kesho pita kwangu mapema, nikuambie nani alikufa na nani iko hai."