Kopo la Mzee Bwire

Jumatatu, 3 Juni
Nimejaza kopo la Mzee Bwire, fundi wetu mkuu. Ndiyo kawaida. Injini ikifungwa, mimi karani wa karakana nanunua kilainishi, nakihamishia kwenye kopo lake la zamani, yeye anachovya brashi na kupaka beringi kabla ya kukaza. Kile cha siku zote kimekwisha dukani. Nimepata kingine, chekundu vilevile, kimeandikwa grisi ya beringi. Injini ni ya boti ya Mama Kabula, inayovusha abiria wa Kamanga. Anaichukua Ijumaa.

Jumanne, 4 Juni
Nilikuwa natupa mkebe mtupu. Nikasoma maandishi madogo ya nyuma. Beringi za magurudumu. Si za injini. Na Mzee ameshaipaka na kukaza.
Kilainishi cha kufungia injini hunata kwenye chuma mpaka iwashwe, kisha huyeyuka ndani ya oili. Hii je? Sina hakika. Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kukosea gasketi. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 5 Juni
Nimejaribu. Glasi mbili za oili iliyopashwa moto. Moja nimeitia mabaki ya kile cha zamani, niliyoyakwangua kwenye kifuniko. Nyingine, grisi mpya. Nikakoroga mpaka mkono ukachoka. Ya kwanza imeyeyuka yote. Ya pili imebaki mabonge, kama uji uliokorogwa vibaya.
Mabonge hayo yakiziba njia za oili, beringi zitakauka na injini itakufa katikati ya ziwa, watu wamo. Naogopa. Kesho nasema.

Alhamisi, 6 Juni
Nimesema.
Mzee Bwire alikuwa anaipaka injini rangi. Nikamwamkia. Nikaweka glasi mbele yake na kueleza. Akaziinua kwenye mwanga, moja moja. Akauliza nani mwingine anajua. Hakuna, nikasema, lakini Mama Kabula lazima ajue.
"Kusoma kote huko," akasema, "kumbe kwako beringi zote ni za ukoo mmoja."
Mafundi walicheka. Nilimpigia simu Mama Kabula mimi mwenyewe. Alifoka kwamba abiria wake watahamia boti nyingine. Nikamwambia kesho haichukui. Akakata simu.
Mzee akanisukumia spana. "Umeiharibu kwa kalamu. Utaifungua kwa mkono."
Nimefungua. Nimesafisha kila tundu la oili kwa waya na dizeli. Kucha bado nyekundu.

Jumamosi, 8 Juni
Kilainishi chenyewe nilikipata jana asubuhi, Buhongwa. Nilisoma mkebe mbele na nyuma, nimesimama pale kaunta, muuzaji ananishangaa. Mchana Mzee akafunga upya.
Leo injini imewashwa. Mshale wa presha ya oili ulipanda, ukatulia. Mama Kabula aliitikia marahaba, basi.
Hakuna aliyeniambia kama Jumatatu nije au nisije. Nikaenda kuchukua mkoba wangu. Juu ya meza yangu kulikuwa na kopo la Mzee, tupu, limeoshwa.
Nikalijaza.