Baba Mdogo, Mabawa Hayakuwa ya Buluu

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeulaza mezani, maana jana asubuhi nilimpondea mdudu juu yake, mahali palepale ulipompondea wa kwako.

Unakumbuka siku uliyorudi nyumbani kutoka Ikoma, ulikokuwa ukiwasaidia watafiti kukusanya wadudu? Sanduku lako lote lilikuwa chupa. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, wenzako wanarudi na mabati, wewe umerudi na mende!" Ukamwambia si mende, ni mbawakawa wa mabawa mafupi, kisha ukanipa lenzi yako nitazame.

Ulinifundisha kumtambua yule ambaye watu humwita Nairobi: kichwa cheusi, kifua chekundu, mabawa mafupi ya buluu inayong'aa kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye maji. Hang'ati. Ukimponda, maji yake ndiyo yanayochoma ngozi, na malengelenge hutokea kesho yake au keshokutwa. Kisha ukanionyesha anayefanana naye, umbo lilelile na wekundu uleule, ila mabawa meusi tu. Huyo hachomi. Hata Nairobi wenyewe wako wa aina mbili, wanafanana mno, hawatenganishwi mpaka wapasuliwe na kutazamwa kwa darubini. Kwenye kibandiko chao uliandika "sijui". Nilikuuliza kama huoni aibu.

"Sijui nayo ni jibu, Bhoke. Ukiandika jina la uongo utampoteza atakayekuja kusoma."

Mvua zikaja, na watoto wakaanza kuungua. Wote walikuwa wanasomea usiku kwa Bibi Nyangi, yule mjane mwenye taa ya sola juu ya mlango. Waliamka na mistari myekundu shingoni kama waliochapwa kwa waya wa moto. Mtoto wa Baba Mwita jicho lilivimba likafumba kabisa. Watu wakasema bibi anawachoma kwa dawa. Wewe peke yako ulisema taa yake inavuta wadudu.

Mchana ule walikuja na mapanga na marungu. Ukasimama mlangoni kwa bibi.

"Toka hapo, fundi mende!" Baba Mwita alikufokea. Aliivuta lenzi shingoni mwako akaipiga kwenye jiwe.

Ukasema, "Nitamponda mdudu mkononi mwangu mbele yenu. Nipeni siku mbili. Nikiungua, mmwache bibi."

"Na usipoungua?"

Mtu mmoja nyuma akajibu, "Tutakuunguza sisi!" Wakacheka.

Ukanituma. Nilikimbia hadi kwenye mahindi ya bibi kando ya kijito, nikafunua majani yaliyooza, nikapata wekundu wawili, nikawatia kwenye kikombe. Niliporudi ulimchukua mmoja. Bila lenzi macho yako hayakuweza kuona vitu vidogo. Uliinama ukaniuliza kwa Kikurya, taratibu, kama tuko barazani, "Mabawa ni ya buluu?"

Sikutazama mabawa. Nilikuwa natazama mapanga.

"Ndiyo," nikasema.

Ukamponda kwenye mkono wako wa kushoto, na siku ya pili walirudi wengi zaidi. Baba Mwita aliushika mkono wako akauinua juu. "Uoneni! Laini kama wa mtoto mchanga!" Akaupiga rungu palepale. Nilisikia mfupa ukivunjika. Ukaegemeza mgongo mlangoni ili bibi apate kutokea nyuma na kuingia migombani. Hapo wakakupiga kichwani, wakakupiga mbavuni, ukaanguka, na bado wakakupiga mateke. Walikuwa watu ninaowaamkia kila siku. Mama anayeniuzia mandazi aliokota jiwe akakurushia usoni, kisha akafuta mkono kwenye kanga yake. Nyumba waliichoma, taa ikapasuka. Ulikata roho ndani ya gari kabla ya kufika hospitali, kichwa chako kikiwa kwenye mapaja ya Mama.

Polisi walichukua watatu. Lakini kijiji kinasema hadi leo: mdudu hakumchoma fundi mende, kwa hiyo bibi ni mchawi. Bibi Nyangi yuko kwa binti yake, huko kijiji cha Kemambo. Akipiga simu anauliza kama mahindi yake yamepaliliwa.

Baada ya mazishi nilikikuta kile kikombe nyuma ya mtungi. Mdudu wa pili alikuwamo, amekauka. Nilimtazama kwa lenzi yako iliyopasuka. Mabawa yalikuwa meusi.

Nimekaa na mabawa hayo miezi minne. Sikumwambia mtu. Nilijua wewe usingenichapa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kesho kuna mkutano wa kijiji, wataamua kama shamba la bibi ligawiwe. Nitakwenda na mkono wangu, na wadudu wawili, mwekundu wa mabawa ya buluu na mwekundu wa mabawa meusi, na barua hii nitaisoma yote. Safari hii, kabla ya kumponda wa jana, nilitazama mabawa kwanza. Leo nilimsomea Mama barua hii hadi kwenye ile "ndiyo" yangu. Alilia, kisha akauliza, "Wakikugeukia?"

Nikasema, "Sijui."

Alijifuta machozi. Akasema, "Basi tutakwenda wote."

Natamani kusomea kazi yako, Baba Mdogo. Mwalimu wa biolojia amesema darubini ya shule naweza kuitumia siku za Jumamosi. Nimeanza na kibandiko kimoja, cha yule wa kikombeni. Nimeandika: kando ya kijito, shambani kwa Bibi Nyangi, chini ya majani. Aliyekusanya: Bhoke. Mabawa: meusi. Jina: sijui.

Pumzika. Nisamehe ile ndiyo.

Nilipoanza barua hii mkono ulikuwa mtupu. Sasa kuna mstari mwekundu, na umeanza kuwaka.

Mwanao,
Bhoke