Ufuta wa Kando ya Barabara

Mjukuu wangu Seifu,

Huku Mbekenyera tu wazima, ila babu yako bado anagombana na goti lake. Umeniuliza kwa nini wakulima wanakuitikia "sawa, afisa kilimo," halafu hawafanyi. Swali lako limenichoma, maana hata sisi tulikuwa hivyohivyo.

Nikiwa binti, bwana shamba alituletea kamba yenye mafundo ya kupimia nafasi, akatuamuru tupande ufuta kwa mistari. Tukapanda mistari kando ya barabara tu, gari lake linapopita. Kule nyuma tukarusha mbegu kama mama zetu. Akapita, akachungulia dirishani, akaridhika, akaondoka na kamba yake.

Ufuta wa mistari ulizaa kuliko ule wa nyuma. Kila mtu aliona.

Msimu uliofuata tulimsubiri na kamba yake, safari hii kwa shamba zima. Hakuja. Alikuwa ameandika kwenye ripoti yake kwamba kijiji chetu kimeshaelewa, akapelekwa kwingine. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Wewe shuka kwenye hiyo pikipiki yako ya kazi, uombe kuonyeshwa shamba la nyuma. Wakikuambia huko hakuna kitu, ndiko uende.

Bibi yako,
Somoe